Alama Zisizoonekana katika Maandishi ya Kiswahili: Uhakiki wa Ritifaa, Nafasi na Sifuri

Katika mtaa wa Tena, upande wa Eastlands jijini Nairobi, jirani na Umoja na Donholm, mtu anayetaka kuchapisha barua ya kuomba kazi, ratiba ya mazishi au tasnifu ya chuo huenda saiba. Faili aliyoiandika kwa simu hufunguliwa katika kompyuta ya hapo, ikanyooshwa, ikachapwa karatasini. Neno ng'ombe laweza kuianza safari hiyo likiwa na ritifaa iliyonyooka, ambayo katika orodha ya Unikodi ina nambari U+0027. Likifika katika kompyuta, programu ya kuandikia yaweza kuigeuza ritifaa hiyo ikawa iliyopinda, U+2019. Na kama mwandishi ni mwanaisimu aliyefuata ushauri wa watunzi wa Unikodi wenyewe, atakuwa ametia alama ya tatu, U+02BC, ambayo kwa macho haina tofauti na ile ya pili. Karatasini ng'ombe ni yule yule. Ndani ya mashine ni maneno matatu yasiyojuana.

Jambo hili aghalabu huachiwa mafundi wa kompyuta, kana kwamba ni la nyaya na umeme. Sivyo. Kinachoamua kama maandishi mawili ni neno moja ni tahajia, na tahajia ni kazi ya wanalugha. Makala haya yanakusudia kuzihakiki zile alama za Unikodi ambazo hazionekani, au ambazo kazi yake ni kushika tu mahali pa kitu kingine, kwa kuangalia zinavyoyatendea maandishi ya Kiswahili na ya lugha jirani zake. Hoja yake ni kwamba alama hizo zimekwisha kuwa sehemu ya matini, hata kama hakuna mhariri aliyeziidhinisha.

Unikodi ni mpango wa kuipa kila alama ya maandishi ya binadamu nambari yake. Toleo la kwanza lilitolewa mwaka 1991. Toleo la 16, la mwaka 2024, lina alama 154,998. Nyingi ni herufi za kawaida. Lakini humo mna kundi la ajabu. Mna nafasi isiyo na upana, U+200B, ambayo huiambia mashine kuwa hapa mstari waweza kukatwa, na jicho lisione kitu. Mna kiungo na kitenganishi visivyo na upana, U+200D na U+200C, vinavyoamuru herufi za Kiarabu zishikane au ziachane. Mna kistari kilichojificha, U+00AD, kinachojitokeza tu neno linapokatwa mwishoni mwa mstari. Mna alama za kuuelekeza mwandiko kulia au kushoto. Upande wa pili mna alama za kushikia mahali: duara la nukta, U+25CC, linaloibeba irabu ya Kiarabu inapoandikwa peke yake, na ile almasi nyeusi yenye kiulizo, U+FFFD, ambayo mashine huiweka pale iliposhindwa kusoma kilichokuwapo.

Hata majina ya alama hizi si ya kutegemewa. Iko moja, U+034F, ambayo jina lake rasmi ladai kwamba huunganisha, na maelezo ya Unikodi yenyewe yanakiri kwamba haiunganishi. Jina haliwezi kusahihishwa, kwa kuwa sheria ya mpango huo ni kwamba jina lililokwisha kutolewa halibadilishwi kamwe, hata likiwa na kosa la tahajia. Na yako majina yenye makosa ya namna hiyo. Mjumbe wa kamati yoyote ya istilahi ataielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba wazo la kukiandika kitu kisichokuwapo halikuja Afrika Mashariki pamoja na kompyuta. Neno sifuri lenyewe latokana na Kiarabu, sifr, yaani kitu kitupu, na kazi yake katika 105 ni kushika mahali pa makumi ambayo hayapo. Katika hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, sukuni ni alama inayoonekana ya irabu isiyokuwapo. Alifu iliyo mwanzoni mwa neno kama amani haina sauti ya peke yake, bali ni kiti tu cha irabu. Kila aliyefundishwa chuoni kutia irabu aliyajua hayo tangu utotoni. Na yako ambayo waandishi wa zamani hawakuyatilia alama yoyote: herufi moja, be, iliweza kusomwa b, p au mb, na msomaji ndiye aliyeitia nazali kwa kuijua lugha na kwa kuisikiliza mizani. Ndivyo tendi zilivyosomwa Pate, Lamu na Mombasa kwa vizazi vingi, na ndivyo zinavyosomwa na wanaozisoma leo katika hati zilizohifadhiwa London na Dar es Salaam.

Tofauti iliyopo ni hii. Msomaji wa hati hizo alijua kwamba kuna kitu ambacho hakikuandikwa, akakitafuta. Msomaji wa matini ya kompyuta ana kitu kilichoandikwa ambacho hajui kuwa kipo, na kwa hiyo hana sababu ya kukitafuta.

Hati za namna hiyo zinapoingizwa katika kompyuta, alama zisizoonekana huwa na manufaa makubwa, na ingekuwa dhuluma kuzilaumu. Leo iko programu ya Andika!, iliyotungwa na Kevin Donnelly, inayowezesha Kiswahili kuandikwa kwa herufi za Kiarabu katika kompyuta. Mhariri anayetaka kuijadili kasra peke yake yampasa kuipa kitu cha kukalia, liwe duara la nukta au nafasi isiyokatika, U+00A0. Akichanganya katika mstari mmoja ubeti wa herufi za Kiarabu, nambari ya ubeti na maelezo ya herufi za Kilatini, mabano hugeuka na nambari huhamia upande usio wake mpaka atie alama ya mwelekeo. Kinachostahili lawama ni desturi iliyokwisha kuzoeleka ya kutia alama hizo kwa makumi na kuitoa matini bila kueleza zilitiwa wapi na kwa sababu gani. Mhariri aliyeongeza herufi moja katika hati ya kale aliitia katika mabano ya mraba ili msomaji ajue mkono ni wa nani. Hapana sababu ya uungwana huo kukoma kwa kuwa kilichoongezwa hakionekani. Pengine hiyo ndiyo sababu ya kuuzidisha.

Lakini mgogoro mkubwa wa Kiswahili hauko katika herufi za Kiarabu. Uko katika ritifaa. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, iliisimamia tahajia ambamo nazali ya kaakaa laini huandikwa kwa herufi mbili na ritifaa, ng'. Wakati huohuo ilikuwapo herufi ŋ, iliyopendekezwa katika Alfabeti ya Afrika na taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika iliyokuwa London. Waganda wanaitumia mpaka leo. Kiswahili hakikuichukua, na Kijaluo na Kikamba navyo vinaandika ng'. Kwa enzi ya taipureta ulikuwa uamuzi wa busara, maana kila taipureta ilikuwa na ritifaa na ŋ haikuwamo. Walioamua hawakuweza kujua kwamba ingekuja mashine itakayouliza swali ambalo taipureta haikuliuliza kamwe: je, ritifaa hii ni herufi, au ni alama ya uakifishaji?

Kwa Kiswahili jibu halina utata. Ritifaa ya ng'oa haionyeshi sauti iliyomezwa, kama ilivyo kwa maneno yaliyofupishwa ya Kiingereza. Ni sehemu ya konsonanti. Ikiondolewa linabaki neno jingine, ngoa, lenye maana ya tamaa au wivu. Lakini programu nyingi za kuhesabu na kupanga maneno zilitungwa na watu waliokuwa wakikifikiria Kiingereza, nazo hulikata neno penye ritifaa. Kanuni za Unikodi za kugawa maneno hazifanyi hivyo pale ritifaa inapokuwa kati ya herufi mbili. Kosa ni la programu rahisi zisizozifuata kanuni hizo. Matokeo yake ni ya kuchekesha na ya hatari kwa pamoja. Ng'oa huzaa vipande viwili, ng na oa. Ng'amua huacha amua. Ng'oka huacha oka. Mtafiti anayekusanya maandishi ya wakulima wa mihogo, kisha akaiamini orodha ya marudio iliyotolewa na mashine, atastaajabu jinsi watu hao wanavyooa na kuoka mashambani. Kosa la namna hii halijitangazi. Oa ni neno halali, amua ni neno halali, na hakuna kisahihishi cha tahajia kitakachoyapigia mstari mwekundu.

Ugumu huongezeka ritifaa inapokutana na alama nyingine. Chukua jina la mwandishi aliyefariki mwaka 2025, Ngũgĩ wa Thiong'o. Herufi ũ yaweza kuandikwa kwa nambari moja, U+0169, au kwa nambari mbili, yaani u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi cha kupandikizwa, U+0303. Na ĩ vivyo hivyo. Ritifaa ina nambari tatu zinazoweza kutumika. Kila moja ya nafasi mbili zilizo katika jina yaweza kuwa ya kawaida au isiyokatika. Mbili mara mbili, mara tatu, mara nne: jina moja lina sura 48 ndani ya mashine, na bado haijatiwa hata nafasi moja isiyo na upana. Unikodi ina utaratibu wa kuzisawazisha ũ mbili ziwe moja, na programu nzuri huufuata. Hauzisawazishi ritifaa tatu, kwa kuwa kwa mujibu wa Unikodi hizo ni alama tofauti zenye kazi tofauti. Maktaba isiyokuwa na kanuni yake yenyewe juu ya jambo hili yaweza kuwa na vitabu vya mwandishi huyo rafuni na kumjibu msomaji kwamba haina.

Kwa mtu asiye mwandishi mashuhuri madhara ni mazito zaidi. Mwenye jina la Ng'ang'a akikutana na fomu isiyokubali ritifaa huandikwa Nganga. Mahali pengine fomu huikubali iliyonyooka na kuikataa iliyopinda, au huzikubali zote mbili na baadaye kuziona kuwa majina mawili. Cheti cha shule na kitambulisho visipolingana, ni yeye anayetakiwa kula kiapo mbele ya wakili kwamba watu wawili hao ni mtu mmoja, na kulipia kiapo hicho.

Gharama ya ritifaa yaweza hata kuhesabiwa kwa shilingi. Ujumbe mfupi wa simu una baiti 140. Ukiandikwa kwa alfabeti ya msingi ya GSM, ambamo kila alama huchukua biti 7, hupatikana nafasi ya alama 160. Ritifaa iliyonyooka imo katika alfabeti hiyo. Iliyopinda haimo, wala ĩ na ũ hazimo, wala nafasi isiyo na upana. Ikiingia moja tu kati ya hizo, ujumbe wote huhamishiwa katika mfumo wa biti 16 na kubakiwa na alama 70. Ukizidi hapo hugawanywa vipande, na kila kipande hubeba alama 67. Sasa achukuliwe mweka hazina wa chama cha akina mama wa Tena, anayewatangazia wanachama 40, kwa huduma ya kutuma jumbe kwa jumla, kwamba mchango wa ng'ombe wa arusi umetimia, na tangazo lake lina alama 150. Kwa ritifaa ya kwanza atalipia jumbe 40. Kwa ritifaa ya pili atalipia 120, isipokuwa kama kampuni inayotuma huzigeuza ritifaa kabla ya kutuma. Maneno ni yale yale. Na si lazima awe ameichagua: tangu 2017 simu za iPhone huweza kuipinda ritifaa zenyewe mtu anapoandika, na programu za kuandikia za kompyuta zimekuwa zikifanya hivyo tangu zamani.

Jina la mtaa huo nalo lina funzo dogo. Katika maandishi ya Kilatini herufi kubwa ndiyo inayolitenga jina Tena na kielezi tena, na mwanzoni mwa sentensi hata hiyo hutoweka. Katika jumbe za simu zinazoandikwa kwa herufi ndogo tupu, na katika herufi za Kiarabu ambazo hazina kubwa wala ndogo, hapana cha kuyatenga. Anayesoma nitafika tena jioni hajui kama mtu anarudi au anakwenda Tena. Lakini anajua kwamba hajui, na atapiga simu kuuliza. Utata ulio wazi haujapata kuishinda lugha.

Ushairi nao una mgogoro wake, na hapa tatizo ni nafasi. Mshororo wa shairi wenye mizani 16 una ukwapi na utao, na kina cha kati huonekana kuwa kina kwa sababu kuna pumziko baada yake. Katika hati za tendi vipande vinne vya ubeti viliweza kuandikwa katika mstari mmoja na kutengwa kwa alama ndogo za mapambo. Washairi wa magazeti, kama wale wanaochapishwa katika Taifa Leo, hutumia mkato. Lakini anayetunga kwa kompyuta aghalabu hutenga vipande kwa kubonyeza nafasi mara tano au sita, akaona kwenye kioo safu mbili nzuri zilizonyooka. Lugha inayotumiwa kuandikia kurasa za intaneti huzikusanya nafasi hizo zote kuwa moja. Shairi lililotumwa likiwa na safu mbili hufika likiwa mistari mirefu isiyo na pumziko, na vina vya kati vimezama katikati kama maneno mengine. Mhakiki akilisoma hivyo na kuandika kwamba mtunzi hakuujali mgao wa vipande, amemhukumu mshairi kwa kosa la mashine. Angekuwa ametumia nafasi zisizokatika, safu zingebaki. Lakini ni mshairi gani aliyewahi kufundishwa hivyo? Arudhi inayofundishwa vyuoni leo hueleza mizani, vina, vituo na bahari. Haisemi neno juu ya nambari ya nafasi iliyo kati ya ukwapi na utao, ilhali hiyo ndiyo inayoamua kama kizazi kijacho kitauona mgao huo au hakitauona.

Juu ya matumizi ya hila maneno machache yatatosha. Wako wanafunzi wanaotia nafasi zisizo na upana katikati ya maneno waliyoyanakili ili mashine ya kupima unakili isiyatambue. Msahihishaji asiyeona kitu karatasini aweza kulifumbua jambo hilo kwa kutafuta katika faili neno analoliona kwa macho yake na mashine ikamjibu kwamba halimo. Vijana wa mitaani hutumia alama ya Kikorea, U+3164, kujipa majina matupu katika michezo ya simu au kutuma ujumbe usio na kitu. Alama hiyo ni ya kushikia mahali pa herufi, na mashine huihesabu kuwa herufi kamili, kwa hiyo huipokea pale inapoikataa nafasi ya kawaida. Huo ni mzaha, na hauna ubaya.

Matumizi mema nayo yapo, na yamepuuzwa. Maneno ya Kiswahili ni marefu kwa sababu ya viambishi, na vioo vya simu ni vyembamba. Kistari kilichojificha, kikitiwa baada ya silabi, kingeziondoa zile nafasi pana zinazoachwa kati ya maneno mistari inaponyooshwa pande zote mbili. Silabi za Kiswahili aghalabu ni wazi, na kanuni yake hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuieleza, mradi mashine iambiwe kwamba ng' ni kitu kimoja na haikatwi.

Wako wanaosema kwamba dawa ya ritifaa ni kuhamia U+02BC, kwa kuwa Unikodi yaitambua alama hiyo kuwa herufi, na ritifaa ya ng' ni herufi. Kwa upande wa nadharia hoja hiyo haina kasoro. Kasoro yake iko kwenye vidole: kitufe cha alama hiyo hakimo katika baobonye za kawaida za simu na kompyuta zinazouzwa Nairobi. Tahajia inayomtaka mwandishi atafute alama ambayo hana itafuatwa na wataalamu wachache, nao wataongeza sura ya tatu ya ng'ombe badala ya kupunguza zilizopo. Afadhali mwandishi wa kawaida aachiwe ritifaa iliyonyooka, ambayo anayo, na ambayo haimwongezei gharama ya ujumbe. Na mzigo wa kuzijua zote tatu kuwa kitu kimoja ubebwe na wenye kamusi, wenye hazina za maneno na wenye programu za kutafutia, kwa kanuni moja iliyoandikwa na kutangazwa.

Swali gumu zaidi ni la matini zilizokwisha kuhifadhiwa. Kuzisafisha zote kwa amri moja ni kazi ya dakika chache, na wengi wameifanya. Lakini ritifaa iliyopinda hudokeza kwamba maandishi yalipita katika programu ya kuandikia. Kistari kilichojificha hudokeza kwamba yalitolewa katika safu za gazeti. Nafasi isiyo na upana katikati ya neno hudokeza kwamba yalinakiliwa kutoka mahali, au kwamba kuna mtu aliyekuwa na jambo la kuficha. Huo ni ushahidi wa safari ya matini, sawa na wino na karatasi kwa mchunguzi wa hati. Mhariri atakayeifuta sifuri hiyo asiyoiona amefuta pamoja nayo jina la mkono uliopita hapo. Nakala mbili zinahitajika, moja iliyosawazishwa ya kutafutia na moja iliyoachwa kama ilivyopokewa, pamoja na orodha ya kila nambari iliyoondolewa na mahali ilipokuwa.